Kununua Nyumba au Kujenga? Hukumu za Makazi kwa Familia Changa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Miongoni mwa neema ambazo Allah (S.W.) amewakumbusha waja wake katika Suratun-Nahl, aya ya 80, ni kuwajaalia majumba yao yawe mahali pa utulivu. Neno lililotumika katika aya hiyo ni sakan. Kutokana na asili hiyo hiyo ya herufi limetoka neno maskani tunalolitumia katika Kiswahili, na neno sakina, yaani utulivu wa moyo. Basi nyumba inayomkosesha mwenyewe usingizi kwa sababu ya riba, au kwa kesi ya mipaka isiyokwisha, imesimamisha kuta lakini imekosa makusudio yake. Katika makala hii tutaeleza hukumu ambazo familia changa inapaswa kuzijua kabla ya kununua nyumba au kujenga, na tutaonesha kwamba sharia haikufadhilisha moja kati ya njia hizi mbili juu ya nyingine. Ilichokisisitiza ni usafi wa ardhi, usafi wa mkataba na usafi wa fedha.

Sura ya suala

Tuchukue mfano wa mume na mke vijana wanaoishi Igogwe, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Wana watoto wawili na wamepanga vyumba viwili. Kwa miaka mitatu wameweka akiba ya shilingi milioni 6 kutokana na biashara ya ndizi na viazi. Mbele yao kuna njia tatu. Ya kwanza, kuna nyumba inauzwa kwa shilingi milioni 12. Aliyeijenga amekwishafariki, na mtoto wake mkubwa ndiye anayetafuta mnunuzi. Ya pili, baba wa mume yuko tayari kumwonesha mwanawe sehemu katika shamba lake la migomba ili ajenge. Ya tatu, wapo wanaowashauri wachukue mkopo wa riba wamalize jambo lao mara moja.

Mfano huu hatukumkusudia mtu maalumu, lakini maimamu wa vijijini wanalijua suala la namna hii.

Kwa wenyeji wa Rungwe, kijana kujenga mapema si jambo geni. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, ameeleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyokuwa wakitoka kwa wazazi wao na kujenga vibanda vyao pamoja, na jinsi vibanda vile vilivyokuwa kijiji kamili walipooa. Utaratibu ule ulihitaji ardhi ya kutosha, na ardhi ilipobanana ukafifia. Leo migomba, chai, viazi na parachichi vimejaza miteremko, na kijana anayetaka kujenga anakuta kila kipande kina mwenyewe. Kwa hiyo suala la ardhi linatangulia suala la kuta.

Mtume (S.A.W.) alinunua kiwanja, kisha akajenga

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) kwa muda ambao baadhi ya wanahistoria wameukadiria kuwa miezi saba. Hapa tunapata faida ya kwanza: kukaa katika nyumba isiyo yako, kwa kukaribishwa au kwa kupanga, si aibu wala si upungufu wa dini, na haifai kumfanya mtu akimbilie haramu.

Kisha akakitaka kiwanja kilichokuwa kikitumika kuanikia tende. Kwa mujibu wa mapokezi ya Imam Bukhari katika habari za Hijra, kiwanja hicho kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl, waliokuwa chini ya uangalizi wa Asad bin Zurara (R.A.). Vijana hao walitaka kumpa bure, naye akakataa kukipokea kama zawadi mpaka akakinunua kwao. Hapo ndipo ulipojengwa Msikiti wake kwa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti, na pembeni yake vikajengwa vyumba vya wake zake.

Wanafiqhi wamezingatia sana kisa hiki. Mnunuzi ni Mtume (S.A.W.), jengo lenyewe ni Msikiti, na wenye mali wameridhia kutoa bila malipo. Pamoja na yote hayo haki ya yatima haikuchukuliwa bila thamani. Itakuwaje basi kwa mmoja wetu anayenunua kiwanja cha marehemu bila hata kuuliza kama marehemu ameacha watoto wadogo?

Ardhi ni ya umma, kinachouzwa ni nini?

Baadhi ya wanafunzi huuliza: sheria za Tanzania zinasema ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Je, mtu anawezaje kuuza asichokimiliki, ilhali Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza kisichokuwa chake?

Jawabu ni kwamba suala hili lina mfano katika historia yetu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) hakuigawa ardhi ya Sawad ya Iraq kwa wapiganaji. Aliiacha kwa maslahi ya Waislamu wote pamoja na vizazi vijavyo, na wakulima wakabaki juu yake wakilipa kharaji. Wanavyuoni wakakhitilafiana juu ya kuuzwa kwake, lakini watu waliendelea kukaa, kujenga na kurithishana manufaa yake. Na katika fiqhi ya Kishafii, maana ya bei haikufungwa kwenye kitu chenyewe peke yake. Inaingia pia katika manufaa ya kudumu, kama haki ya njia na haki ya kujenga juu ya dari ya mwenzio. Kwa hiyo anayeuza kiwanja nchini kwetu anauza majengo na mazao yaliyo yake, pamoja na haki ya kudumu ya kuitumia ardhi ambayo sheria imemtambulia. Hilo ni jambo lenye thamani na linafaa kuuzwa.

Lakini haki hiyo ina utaratibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na imeweka Hati ya Hakimiliki ya Kimila kuwa uthibitisho wa haki ya mtu. Uhamishaji wa ardhi ya kijiji unatakiwa ufike kwenye Halmashauri hiyo. Watu wengi hutosheka na karatasi iliyogongwa mhuri wa kitongoji, na siku ya mgogoro huona kwamba mhuri ule haukufunga lolote. Kuyafuata haya ni katika kuhifadhi mali, ambayo ni moja ya makusudio matano ya sharia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, imekuja kuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi.

Nyumba ya urithi

Turudi kwenye njia ya kwanza. Nyumba inauzwa na mtoto mkubwa wa marehemu. Mara tu mtu anapofariki, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mali yake inakuwa ya warithi wote kwa mafungu yao. Mjane ana thumuni akiwa marehemu ameacha watoto, mabinti wana mafungu yao, na mama wa marehemu akiwa hai ana sudusi. Mtoto mkubwa hana mamlaka juu ya mafungu ya wenzake kwa sababu tu ya umri wake.

Akiuza nyumba nzima bila idhini yao, ameuza mali yake na mali ya wengine kwa pamoja. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, bei inasihi katika fungu lake na inabatilika katika mafungu ya wengine. Kwa Mahanafi na Wamaliki, sehemu ya wengine inangoja idhini yao: wakikubali inapita, wakikataa inarudi. Kwa kauli zote mbili, kijana wetu aliyetoa milioni 12 anaweza kujikuta na fungu moja la nyumba, na mjane au binti aliyeolewa Kyela akija kudai haki yake kwa haki. Na wakiwemo watoto wadogo, idhini yao haitoshi. Anayewasimamia ndiye atakayeuza kwa maslahi yao, na fedha zao zihifadhiwe kwa ajili yao.

Mnunuzi asikimbilie kusema kwamba dhambi ni ya muuzaji. Sahaba Said bin Zayd (R.A.) aliposhitakiwa na mwanamke aitwaye Arwa mbele ya Marwan bin al-Hakam, kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake, alishangaa vipi angeweza kufanya hivyo baada ya kumsikia Mtume (S.A.W.) akitaja kuwa mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kwa khofu hiyo aliona bora amwachie kipande kile kuliko kubishana. Huyu ni mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo.

Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba ya urithi anapaswa kujua jina la kila mrithi, kupata sahihi ya kila mmoja aliye baleghe, kuhakikisha msimamizi wa mirathi ameteuliwa kisheria, na kulipa mbele ya mashahidi. Na muuzaji akiwa hai na ana mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi ridhaa ya mke wa muuzaji nayo itafutwe.

Shuf'a na kununua kwa mafungu

Yapo mambo mawili zaidi katika kununua. La kwanza ni shuf'a, yaani haki ya mshirika kutangulizwa mwenzake anapouza fungu lake. Jabir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu shuf'a katika kila mali ambayo haijagawanywa, na mipaka ikishawekwa na njia zikatenganishwa, hakuna shuf'a. Jumhuri ya wanavyuoni, akiwemo Imam Shafi, wameishia kwa mshirika. Imam Abu Hanifa amempa haki hiyo na jirani pia.

La pili ni bei ya mafungu. Imam Bukhari amepokea katika mlango huo wa shuf'a kwamba Abu Rafi (R.A.) alimtaka Sad bin Abi Waqqas (R.A.) anunue vyumba vyake viwili vilivyokuwa ndani ya eneo la Sad. Sad akasema hatazidisha juu ya dirhamu 4000, tena kwa mafungu. Abu Rafi akaeleza kwamba kuna mtu amekwishampa bei ya dinari 500 taslimu, lakini kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, alimuuzia Sad. Tazama, ndugu msomaji, nyumba ikiuzwa kwa mafungu baina ya Masahaba, na mwenye kuuza akikubali kuchelewa na kupungukiwa kwa ajili ya jirani.

Hii ni njia iliyo wazi kwa familia yetu. Warithi wakiridhia kupokea milioni 6 sasa na zinazobaki kwa miezi inayojulikana, bei hiyo ni halali. Jumhuri wamejuzisha hata bei ya mafungu kuwa kubwa kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba wahusika wakubaliane bei moja kabla ya kuachana, na bei hiyo isiongezeke mnunuzi anapochelewa. Kuongeza kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba ya Jahiliyya yenyewe. Aliyezidiwa apewe muda, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 280 ya Suratul-Baqara.

Kujenga katika shamba la baba

Njia ya pili ndiyo inayopendwa na wengi, kwa sababu inaonekana rahisi. Baba anaonesha kwa mkono, "jenga pale," na kijana anaanza kuchimba msingi. Hakuna kilichoandikwa, wala hakuna aliyesema kama ni zawadi, ni mauzo, ni azima au ni kugawa urithi mapema. Hapa ndipo ndugu wa tumbo moja wanapokuja kuhasimiana.

Kama baba hakutamka kutoa, asili ya idhini hiyo ni aria, yaani azima. Na aria katika madhehebu ya Imam Shafi huisha kwa kufa mmoja wa wawili hao. Baba akifariki, ardhi inaingia katika mirathi pamoja na kipande kilichojengwa, na nyumba inabaki ya aliyeijenga. Hapo warithi hawawezi kumbomolea bure mtu aliyejenga kwa idhini. Wanavyuoni wameeleza kwamba wenye ardhi watachagua baina ya kumwacha kwa kodi, au kuondoa jengo na kumlipa upungufu uliompata, na wapo walioongeza kulinunua jengo kwa thamani yake. Yote haya yanawezekana katika vitabu, lakini baina ya ndugu wa tumbo moja ni mazito.

Tiba ni kubainisha mapema. Ikiwa baba amekusudia kutoa, basi atamke hiba, mwana akubali, kipande kipimwe na kuwekewa mipaka, na mwana akabidhiwe, kwa sababu hiba katika madhehebu yetu haifungi mpaka ipokelewe mkononi. Na hapa baba amche Allah katika uadilifu. Nuuman bin Bashir (R.A.) amesimulia kwamba baba yake alitaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi wa zawadi aliyompa yeye pekee. Mtume (S.A.W.) aliuliza kama watoto wote wamepewa mfano wake, na alipoambiwa hapana, hakukubali. Wanavyuoni wa Kishafii wameichukulia tofauti hii kuwa ni karaha, na Mahanbali wameiona kuwa ni haramu. Kwa hiyo baba anayemkatia mmoja kiwanja awape na wengine kinacholingana, wakiwemo mabinti, au amuuzie mwanawe kwa bei ya haki hata kama ni kwa mafungu. Sisi tunaona kumuuzia ni salama zaidi, kwa kuwa bei ikishatimia haina kurudi nyuma, ilhali baba anaruhusiwa katika madhehebu yetu kurejea katika hiba aliyompa mwanawe.

Mkataba na fundi

Ardhi ikishakuwa safi, kujenga kuna mkataba wake. Ikiwa mwenye nyumba ananunua matofali, saruji, mbao na bati, na fundi anatoa kazi tu, basi hiyo ni ijara, na hakuna khitilafu katika kujuzu kwake kazi na ujira vikijulikana. Njia hii ndiyo nyepesi kwa watu wetu. Bora malipo yafungwe kwa hatua: msingi, kuta hadi linta, kisha kupaua. Kila hatua ilipwe ikikamilika. Na Mtume (S.A.W.) amehimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, basi fundi naye asizungushwe.

Ikiwa fundi ndiye atakayetoa kazi na vifaa kwa bei moja mpaka akabidhi funguo, huo ni mkataba wa istisnai. Mahanafi ndio walioujuzisha kwa upana, na Mashafi wameubana kwa masharti ya salam. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1992, ilipitisha kwamba istisnai ni mkataba unaofunga pande zote mbili, kwa sharti kwamba aina ya kitu, kiasi chake na sifa zake zibainishwe na muda uwekwe, na kwamba malipo yanaweza kucheleweshwa au kuwa ya mafungu. Anayemwambia fundi "nijengee nyumba nzuri ya vyumba vitatu" na kutoa fedha, ameingia katika gharari, kwa sababu uzuri hauna kipimo. Aandike unene wa bati, uwiano wa saruji na mchanga, idadi ya milango na tarehe ya kukabidhi.

Na kwa Rungwe kuna jambo la kuzingatia zaidi. Eneo la Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi mikavu ni michache, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ukuta wa matofali na udongo unaoachwa bila paa mpaka masika unaharibika, na mali inapotea. Mtume (S.A.W.) amekataza kupoteza mali. Kwa hiyo vyumba viwili vilivyoezekwa mwaka huu ni bora kuliko msingi wa vyumba sita unaoota majani.

Mkopo wa riba na hoja ya dharura

Njia ya tatu ni mkopo wa riba. Uharamu wake umethibiti kwa Qur'ani, Sunna na ijmai, na nia njema ya kujenga haiubadilishi. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah ililizungumza suala hili hili la fedha za kujenga na kununua makazi katika kikao cha mwaka 1990. Ilieleza kwamba mkopo wa nyumba wenye riba ni haramu, na ikataja badala yake njia za halali, zikiwemo mauzo ya mafungu na istisnai.

Siku hizi baadhi ya vijana wanaitaja fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti iliyotolewa Dublin mwezi Oktoba 1999. Inafaa tuieleze ilivyo. Baraza lilianza kwa kusisitiza uharamu wa riba na kuwahimiza Waislamu watafute njia mbadala. Kisha likawaruhusu Waislamu wa nchi za Magharibi wasiopata njia hizo kununua kwa mkopo nyumba moja ya kukaa familia, kwa asiyekuwa na nyumba nyingine wala mali ya kumwezesha. Lilitegemea kanuni ya haja kushika nafasi ya dharura, na kauli ya Mahanafi kuhusu miamala katika nchi zisizo za Kiislamu. Wapo wanavyuoni waliolipinga.

Hata kwa mwenye kuikubali fatwa hiyo, masharti yake hayapatikani Igogwe. Mwenye vyumba vya kupanga kwa kodi anayoimudu amekwishapata makazi. Kujenga kwa hatua, chumba baada ya chumba, ni desturi ya nchi nzima. Na tangu mwaka 2011 ilipofunguliwa Amana Bank, Tanzania ina benki inayojiendesha kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu. Benki ya CRDB nayo ilianzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Wanaofanya miamala ya murabaha, ambapo benki hununua bati na saruji kisha ikamuuzia mteja kwa faida inayojulikana, wahakikishe kwamba benki imemiliki vifaa hivyo kwanza kabla ya kuwauzia. Jina la Kiarabu pekee halihalalishi muamala. Vivyo hivyo kwa VICOBA na SACCOS: panapotakiwa ziada juu ya deni, pana riba, hata kama ziada hiyo inagawanywa kwa wanachama.

Upatu na zaka ya akiba

Ipo njia ya wanyonge ambayo sharia haikuikataza, nayo ni upatu, ambapo watu kadhaa wanachanga kiasi sawa na kila zamu mmoja anachukua chote. Imam Qalyubi, katika maelezo yake juu ya sharhi ya Minhaj, amenukuu kutoka kwa Waliyyud-Din al-Iraqi kwamba mchango wa namna hii uliokuwa mashuhuri kwa wanawake unajuzu. Sharti ni kwamba kila mmoja apate sawa na alichotoa. Watu kumi waaminifu wanaweza kupauliana nyumba kumi bila ya riba.

Akiba inayongoja ujenzi ina zaka. Wengi hudhani kwamba fedha zilizokusudiwa nyumba zimesamehewa. Kauli ya Mashafi ni kwamba fedha ikifika nisabu na ikatimiza mwaka wa Hijria inatolewa zaka, hata kama imewekwa kwa haja ya nyumba au ndoa. Wanaokadiria nisabu ya noti kwa fedha wanatazama thamani ya gramu 595 za fedha, na kipimo hicho ndicho kinachowafaa zaidi masikini. Kwa kipimo hicho, milioni 6 iliyokaa mwaka mzima inatolewa shilingi 150,000. Ama matofali na bati zilizonunuliwa kwa ajili ya nyumba ya kukaa hazina zaka, wala nyumba yenyewe haina.

Fungu la mke

Kumpatia mke makazi ni wajibu wa mume, kwa kadiri ya uwezo wake, kama ilivyo katika aya ya 6 na ya 7 za Suratut-Talaq. Mke hawajibiki kutoa hata tofali moja. Lakini wanawake wengi wanauza ndizi na maziwa, na fedha zao zinaingia ukutani bila ya kutajwa. Basi wakubaliane mapema: alichotoa mke ni sadaka kwa mumewe, ni mkopo, au ni ushirika katika nyumba? Kama ni ushirika, fungu lake liandikwe. Mume akifariki bila ya maandishi hayo, fedha za mke zitagawiwa kama urithi wa mumewe, naye atapewa thumuni ya kitu ambacho huenda nusu yake ilikuwa mali yake.

Kwa familia yetu ya Igogwe

Baada ya maelezo haya, tunawaambia vijana wetu hivi. Toeni kwanza zaka ya akiba yenu. Kisha kaeni na baba. Akikubali kuwauzia kipande kwa bei ya haki, au kuwapa huku akiwafanyia uadilifu watoto wengine, na mipaka ikaandikwa mbele ya Halmashauri ya Kijiji, jengeni vyumba viwili katika miezi mikavu, mpaue, muhamie. Baba asipokuwa tayari kuandika, msijenge, bali endeleeni kupanga kwa heshima mkitafuta kwingine. Na nyumba ya urithi mtaiendea warithi wote watakapokuwa wameketi pamoja, wakaridhia na wakakubali mafungu. Kila mlango kati ya hiyo miwili utakaofunguka ukiwa safi ndio bora kwenu, na mlango wa riba mwachane nao.

Wala msione haya kwa udogo wa nyumba. Vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W.) vilikuwa vifupi kiasi kwamba al-Hasan al-Basri amesimulia kuwa alikuwa akiingia humo akiwa kijana na kugusa dari yake kwa mkono. Vilipobomolewa kwa amri ya Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, Umar bin Abdul-Aziz akiwa gavana wa Madina, ili Msikiti upanuliwe, watu wa Madina walilia. Said bin al-Musayyib alitamani viachwe kama vilivyo, ili vizazi vinavyokuja vione kile ambacho Mtume (S.A.W.) alitosheka nacho katika uhai wake, na waache kujifaharisha kwa majengo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape vijana wetu makazi ya halali, yenye wasaa na majirani wema, na awaepushe wazazi na watoto na ugomvi wa ardhi.

Wallahu aalam.